Dhahabu ya jirani yangu: kuokota, kutambua na kupanga mawe ukiwa Dodoma

Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha hapa Nkuhungu, saa kumi na mbili asubuhi jirani yangu akanigongea mlango kashika bakuli la plastiki, kalifunika na khanga ya mke wake utadhani kabeba uji wa mgonjwa. Akaingia, akafunga mlango mwenyewe, ndo akafunua. Mchanga. Ila mchanga unaometa bana, vipande vidogo vya njano vinawaka kila akitikisa bakuli, kavitoa kwenye korongo nyuma ya nyumba ambako maji yalikuwa yamechimba. Akaniambia, "Jirani, wewe si ndo mtu wa mawe, niambie ukweli tu, nianze kuweka uzio?"

Nikachukua punje moja kwa ncha ya wembe nikaiweka kwenye kisahani, nikaibonyeza na sindano. Dhahabu ukiibonyeza inakubali, inabonyea kama risasi ya kuvulia samaki, haikatiki. Hii yake ikafunguka kama kurasa za daftari, kijikaratasi juu ya kijikaratasi, nilivyopumua kimoja kikapeperuka. Tukahamia kwenye karai la maji. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, ukiitikisa kwenye karai inazama mpaka chini kabisa na kukaa pale hata uzungushe vipi, za kwake zingine zikaelea juu na zingine zikawa zinacheza cheza tu katikati. Ulanga huo. Ulanga mweusi unaotoka kwenye graniti, ukipigwa na mvua na jua miaka mingi, weusi unatoka unabaki na rangi ya shaba au dhahabu, na Dodoma hii graniti iko kila mahali kwa hiyo kila korongo lina "dhahabu" yake. Jirani akakaa kimya kidogo, akauliza kama hata ulanga hauuzwi. Nikamwambia kwa bakuli moja hapana.

Naanza na hii habari manake ndo swali naloulizwa kuliko yote tangu nianze kukusanya mawe, "hili ni nini", na watu wanategemea ulitazame jiwe sekunde tatu utoe jibu kama nabii. Haiko hivo. Na tatizo kubwa sio kwamba mawe ni magumu kuyajua, tatizo ni kwamba tunatumia neno moja, jiwe, kwa vitu ambavyo havifanani hata kidogo, ndo maana mtu anachanganyikiwa kabla hajaanza.

Ngoja tuyatenganishe. Mwamba ni mchanganyiko, kama pilau. Graniti ya mlima Mlimwa ni mwamba, ukiikaribia na lenzi unaona ndani kuna punje nyeupe au za pinki (feldispa), punje za kijivu kama kioo kichafu (kwatsi) na vidoadoa vyeusi vinavyometa (ulanga wenyewe). Kila kimoja kati ya hivo ndo madini: kitu kimoja chenye kemia yake na mpangilio wake wa ndani. Mchele ni madini, pilau ni mwamba, basi. Fuwele ni madini yaliyopata nafasi ya kukua kwa raha mpaka yakatoa pande na kona zake yenyewe bila kuchongwa na mtu. Kito ni cheo tu, ni madini ambayo watu wameyapenda, ni mazuri, magumu kiasi na adimu, kwa hiyo jiolojia haina habari na kito, soko ndo lina habari nacho. Na kisukuku ni mabaki au alama ya kitu kilichowahi kuwa hai, mfupa, jani, unyayo, kikafunikwa na matope au majivu na baada ya muda mrefu sana madini yakaingia mahali pa mfupa. Kisukuku kinaweza kuonekana kama jiwe lakini ni habari nyingine, na hata sheria inakitazama tofauti kabisa, tutafika huko.

Sasa kosa namba moja la kila anayeanza, na mi nililifanya tena kwa hela, ni kuamini rangi. Rangi kwenye madini mengi ni uchafu. Namaanisha uchafu kweli. Kwatsi safi haina rangi, ni kama maji. Ikiingiwa na chuma kidogo alafu ikapigwa na mionzi ya asili ardhini kwa miaka mingi inakuwa zambarau, unaiita amethisti. Korandamu safi nayo haina rangi, ikiingiwa na kromiamu kidogo inakuwa nyekundu unaiita rubi, ikiingiwa na chuma na titaniamu inakuwa bluu unaiita safaya, ndugu wa tumbo moja hao, tofauti yao ni kama chumvi iliyozidi kwenye mboga. Kule Winza wilaya ya Mpwapwa, mwaka 2007 kuelekea 2008 watu walivyofurika porini kama mkutano wa injili, walikuwa wanatoa rubi na safaya kwenye machimbo yale yale, na kuna vipande vina wekundu na ubluu kwenye jiwe moja. Tanzanaiti nayo, ile ya Mererani iliyojulikana mwaka 1967, nyingi inatoka chini ikiwa na rangi ya kahawia kahawia, wanaichoma moto ndo inatulia kwenye ile bluu ya kwenye matangazo.

Na krisopresi ya Haneti, hapa hapa Dodoma, ndo jiwe letu naloona tungetakiwa tujivunie kuliko tunavojivunia zabibu. Ni kwatsi ile ile ya kawaida, ila fuwele zake ni ndogo mno hata lenzi haizioni, na ukijani wake unatoka kwenye nikeli. Kilima cha Haneti kina miamba yenye nikeli, maji yaliyobeba silika (malighafi ya kwatsi) yakapita kwenye nyufa, yakaokota nikeli njiani, yakaganda. Kijani cha tufaha kabisa.

Mi nikanunua ya kwangu ya kwanza kwa mtu mmoja barabarani, kijani kizuri, kimesuguliwa, kinateleza mkononi, nikalala nacho chini ya mto nakwambia ukweli. Wiki mbili baadae nimepata lenzi ya kukuza mara 10 nikaangalia: vipovu. Viputo vidogo vya duara kabisa vimekaa ndani kama soda. Jiwe la asili halina viputo vya duara namna hiyo, kioo ndo kina. Nilikuwa nimenunua chupa. Na ningejua kitu kimoja tu nisingeliwa: krisopresi kwa kuwa ni kwatsi inakwaruza chupa, ya kwangu nilivoijaribu kwenye chupa ya bia ikateleza tu, kioo na kioo.

Hapo ndo tunaingia kwenye ugumu. Mwaka 1812 mjerumani mmoja, Friedrich Mohs, alipanga madini 10 kuanzia laini mpaka gumu kwa kigezo kimoja, nani anamkwaruza nani. Talki ni 1, jasi ni 2, kalsaiti 3, floraiti 4, apataiti 5, feldispa 6, kwatsi 7, topazi 8, korandamu 9, almasi 10. Huhitaji kuwa na hayo yote nyumbani. Ukucha wako ni kama 2 na nusu, kwa hiyo jiwe likikwaruzika na ukucha liko chini sana, jasi ya Itigi kule Manyoni inakwaruzika na ukucha bila shida. Kisu cha chuma na kioo cha dirisha viko kwenye 5 na nusu hivi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa jiwe lolote jeupe linalometa ni je linakwaruza kioo, likikwaruza ni kwatsi au feldispa, lisipokwaruza ni kalsaiti au jasi au kitu cha ukoo huo. Futa alama na kidole chenye mate kabla hujashangilia, manake mara nyingi ni jiwe ndo limesagika juu ya kioo na sio kioo kilichokwaruzwa.

Alafu naomba sana, ugumu sio kupiga nyundo. Kuna watu mpaka leo wanapima jiwe kwa kuliweka juu ya nondo na kulitwanga, eti likivunjika ni feki. Almasi ukiitwanga inapasuka! Kukwaruza na kuvunjika ni vitu viwili, na sijui ni rubi ngapi nzuri zimekufa kwa kipimo hicho cha nyundo.

Kipimo nachokipenda kuliko vyote ni cha unga, na watu wengi hawakijui. Chukua kigae kilichovunjika, upande wa nyuma usio na rangi, ule wenye kukwaruza, sugua jiwe juu yake uangalie mstari unaobaki. Jiwe kwa nje linaweza kuwa na rangi yoyote linayotaka ila unga wake haudanganyi hivo. Kuna jiwe jeusi, zito, linang'aa kama chuma, nililetewa na dereva wa lori anayepita Singida, akaliokota walivosimama kubadilisha tairi. Ukilitazama unasema chuma au makaa. Nikalisugua kwenye kigae: mstari mwekundu kama damu iliyokauka. Hematiti, ni chuma kilichoungana na oksijeni, kwa nje nyeusi, kwa ndani wekundu. Na ukishaona huo mstari ndo unaelewa kitu kuhusu Kolo kule Kondoa, ile michoro ya kwenye miamba ambayo UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Wekundu wa zile twiga na watu ni madini ya chuma hayo hayo, yamesagwa yakawa rangi. Mtu wa zamani alifanya kipimo changu cha kigae kwenye ukuta wa jabali.

Lile jiwe nikalipima na uzito pia ili kuwa na uhakika. Hapa unahitaji mizani ya jikoni ya kidijitali, uzi na kikombe cha maji, basi. Kwanza pima jiwe kavu, langu lilikuwa gramu 208. Alafu weka kikombe chenye maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri, funga jiwe kwa uzi, lizamishe lote kwenye maji ukiwa umeshika uzi, lisiguse chini wala pembeni. Mizani itasoma namba, hiyo ndo uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe, yangu ilisoma 40. Gawanya: 208 kwa 40 unapata 5.2. Yaani jiwe hili ni zito mara tano na kidogo kuliko maji ya ukubwa ule ule. Hematiti ni 5.3 hivi, tumefika. Kwatsi ni 2.65, feldispa 2.6, ganeti inaanzia 3.5 kwenda 4.3, korandamu 4, pairati (ya chuma na salfa, inayong'aa njano kama dhahabu) ni 5, galena ya risasi ni 7.5. Kwa jiwe dogo kama harage mizani ya jikoni haitoshi, inakosea kwa gramu nzima, hapo tafuta ile ndogo ya masonara.

Na hata ukiwa na namba usikimbilie. Ganeti nyekundu na rubi zinaweza kukupa 4 zote mbili. Kioo na krisopresi zinakaribiana. Ndo maana mtu wa mawe hatumii kipimo kimoja, anatumia vitatu vinne mpaka kinabaki kitu kimoja tu. Kwa ganeti na rubi mi natumia ile tochi ya kukagulia noti bandia, zima taa za chumbani uimulike: rubi nyingi zinawaka wekundu kama kaa la moto, ganeti inabaki imenuna. Nasema nyingi, sio zote, rubi yenye chuma kingi nayo inanuna. Sumaku ya spika mbovu inasaidia kwa magnetaiti, madini mengine ya chuma, inanata papo hapo. Na siki au maji ya ndimu kwa chokaa, dondoshea, kikitoa mapovu ni chokaa. Vile vijiwe vyeupe vinavyojaa kwenye udongo wa huku kwetu ukichimba msingi, vile vigumu vigumu vyenye umbo la tangawizi, viwekee siki utaona vinachemka.

Ambavyo vinanileta kwenye mifupa. Manake hivo vijiwe vya chokaa vikijijenga kuzunguka mzizi wa mti, mzizi ukioza, kinabaki kitu cheupe kirefu chenye tundu katikati, na nimeletewa mara tatu nikiambiwa ni mfupa wa dinosaria. Kingine ni mayai. Graniti ikichakaa inajimenya duara duara kama kitunguu, kona zinaanza kuisha kwanza, inabaki mviringo, na mtu akiyakuta matatu yamekaa pamoja kwenye shamba la mtama tayari ni mayai. Kingine ambacho hata mi kilinipiga chenga ni miti. Unapasua jiwe unakuta ndani picha ya mti mdogo, matawi na vijitawi, nyeusi, imechorwa safi kuliko kalamu, unasema huu ni mmea wa zamani. Kumbe ni manganizi iliyokuwa kwenye maji, maji yakaingia kwenye ufa mwembamba na kuacha madini yakitambaa hivo, kama baridi inavyochora kwenye kioo cha friza. Haijawahi kuwa hai hata dakika moja.

Kuna sababu moja kubwa ya kutotafuta visukuku kwenye milima ya Dodoma mjini, na ukiielewa hii umeokoa wikiendi nyingi. Graniti ilikuwa moto. Ilikuwa uji wa mwamba ulioyeyuka chini huko ukapoa taratibu, ndo maana punje zake ni kubwa unaziona kwa macho, zilipata muda wa kukua. Hakuna mfupa unaopona humo. Na zaidi ya hapo, hii sehemu ya nchi imekaa juu ya kipande cha zamani kabisa cha Afrika, miamba yake mingi ina zaidi ya miaka bilioni 2 na nusu, wakati wanyama wenye mifupa wameanza kuonekana duniani kama miaka milioni 500 na kidogo iliyopita. Yaani unatafuta mfupa kwenye jiwe lililozaliwa kabla ya wazo la mfupa.

Visukuku vinataka matope, ziwa, majivu ya volkano, kitu cha kufunika haraka. Na hivo vipo, sio mbali hata. Singida kuna sehemu inaitwa Mahenge (sio ile ya Morogoro yenye vito vya spineli, watu wanazichanganya) ambapo kama miaka milioni 46 iliyopita mlipuko ulitoboa ardhi, shimo likajaa maji likawa ziwa, na samaki waliokufa wakalala kwenye matope laini ya chini wakatunzwa mpaka miba, na humo humo wakapatikana vyura na popo. Popo! Akapewa jina la kisayansi lenye Tanzania ndani yake, Tanzanycteris. Bonde la Manonga kule Igunga kuna mifupa ya viboko na jamaa za tembo wa miaka milioni kadhaa. Minjingu upande wa Manyara, ile mbolea tunayoijua, fosfeti yake imetokana na mabaki ya ndege na samaki wa ziwa la zamani, kwa hiyo mkulima anayemwaga Minjingu kwenye mahindi anamwaga visukuku vilivyosagwa na hajui. Za mbali zaidi unazijua: Olduvai na fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, nyayo za Laetoli za mwaka 1978, na Tendaguru kule Lindi, ambako wajerumani kati ya 1909 na 1913 walibebesha watu wetu zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria kichwani mpaka bandarini, na yule mkubwa kuliko wote amesimama Berlin hadi leo, kimo zaidi ya mita 13. Sitaki kuanza huo mjadala, nitakosa kumaliza hii makala.

Sasa sheria, hapa watu ndo wanachanganya kabisa, wengine wanaogopa kila jiwe na wengine hawaogopi chochote.

Visukuku kwanza, kwa sababu ni rahisi: usichukue. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaweka chini ya ulinzi vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 na pia visukuku vya binadamu, vya wanyama wenye uti wa mgongo na vya mimea, kwa hiyo hata kipande cha mti uliogeuka jiwe kimo. Kuchimba ni mpaka kibali, na ukikuta unatakiwa utoe taarifa. Na sababu yake sio ukiritimba tu. Mfupa ukiwa mahali pake unasema umri wake, manake uko kwenye tabaka fulani, juu ya majivu haya na chini ya matope yale, ukiuchomoa ukaupeleka kwenye kabati lako Area C umekata ulimi wake. Nachofanya mi ni hivi: nauacha, naweka sarafu pembeni kwa ajili ya kipimo, napiga picha ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha mazingira, nahifadhi lokesheni kwenye simu, naenda kwa mtendaji wa kijiji au nawaandikia Idara ya Mambo ya Kale. Na ni hivo hivo kwa vile vichembe vya kwatsi vilivyochongwa makali, vimejaa sana Kondoa na Singida, watoto wanavyochezea. Ni zana za watu wa kale. Pale Kisese kwenye miamba hiyo hiyo ya Kondoa zimepatikana shanga za ganda la yai la mbuni zenye zaidi ya miaka 40,000, sasa wewe unataka kuwa yule aliyebeba ushahidi kwenye mfuko wa suruali?

Madini ni tofauti kidogo. Kwa sheria yetu, ile ya 2010 na marekebisho yake ya 2017, madini yaliyoko ardhini ni mali ya nchi, hata kama shamba ni la bibi yako. Kuchimba ni leseni, na mtanzania mdogo anaanzia kwenye leseni ya uchimbaji mdogo. Kununua na kuuza ni leseni nyingine, ya udalali au ya biashara, na tangu 2019 kuna masoko ya madini mikoani ambako biashara ndo inatakiwa ifanyike. Kuyatoa nje ya nchi ni kibali kingine tena. Kwa hiyo mtu wa hobi kama mimi njia yake nyepesi ni hii: miamba na madini ya kawaida, graniti, kwatsi, feldispa, ulanga, unayapata kwenye kifusi cha barabara ya mzunguko, kwenye kokoto ulizonunua za kujengea, kwenye udongo uliotoka kwenye kisima, omba mwenye eneo, chukua kipande kimoja cha kushika mkononi sio gunia. Vito nunua sokoni kwa mwenye leseni na dai risiti, itunze pamoja na jiwe. Kwenye hifadhi za taifa na kwenye michoro, chukua picha tu. Ukiwa na swali Tume ya Madini iko hapa hapa Dodoma, na GST, wale wa jiolojia ambao wako mji huu tangu miaka ya 1920, wana makumbusho ya miamba pale njia ya Kikuyu ambayo nashangaa watu wanaishi Dodoma miaka kumi hawajawahi kuingia. Nenda kaangalie sampuli halisi zenye majina, saa moja pale inakufundisha kuliko picha elfu za kwenye simu, manake picha haina uzito.

Usiingie kwenye mashimo ya machimbo yaliyoachwa, hata kama mwenyeji anakwambia jana alikuwa humo. Vaa miwani ukigonga jiwe, na usitumie nyundo ya misumari, ule uso wake mgumu unaruka vipande. Pindua jiwe kwa kulivuta kuelekea kwako ili upande ulioinuka utazame mbele, nge na nyoka watoke upande ule. Ukikata au kusaga kwatsi fanya kwa maji, vumbi lake likikaa kwenye mapafu halitoki. Galena nawa mikono baada ya kushika, ni risasi ile.

Kupanga nyumbani, watu wanadhani ni kabati la kioo na taa. Mi nilianza na trei za mayai, zile za karatasi, matundu 30, na bado nazitumia. Kila jiwe na tundu lake, haligongani na mwenzake. Kinachofanya mkusanyiko uwe mkusanyiko na sio rundo ni namba. Natia nukta ya rangi nyeupe ya kufutia wino sehemu mbaya ya jiwe, ikikauka naandika namba kwa kalamu ya wino, juu napaka rangi ya kucha isiyo na rangi (mke wangu ameshanunua chupa ya pili, ameandika jina lake kwenye moja). Namba ile ile iko kwenye daftari: jina la jiwe kama nalijua, limetoka wapi mpaka kitongoji, tarehe, nani kanipa, vipimo nilivyofanya. Kama jina silijui naandika alama ya kuuliza na naacha. Jina unaweza kulipata miaka mitano baadae, mahali lilipotoka ukishasahau ndo basi tena, hakuna kipimo cha kigae kinachorudisha hiyo. Nina mawe saba mazuri sana ya mwaka wangu wa kwanza ambayo sijui kama ni ya Mpwapwa au ya Kongwa, na kwa kweli hayana kazi, yamekaa kwenye sufuria la maua.

Kusafisha ni mswaki wa zamani na maji, ila chumvi ya Bahi usiitie maji utabaki na maji ya chumvi, na jasi usiiloweke. Dirishani usiweke amethisti, jua linainyonya rangi mpaka inakuwa kama maji ya kuoshea mchele, na krisopresi nayo haipendi jua wala joto. Kwa upande wa unyevu sisi wa Dodoma tumebarikiwa, pairati inaoza ikikaa kwenye hewa ya maji maji, rafiki yangu wa Dar ya kwake imegeuka unga mweupe kwenye boksi, ya kwangu inang'aa bado. Ukitaka wageni walione jiwe vizuri usimulike kutoka juu, mulika na tochi ya simu kutoka pembeni, chini chini, ndo pande za fuwele zinatokea. Na waambie watu wa nyumbani nini kinaguswa na nini hakiguswi. Mama mkwe alikuja kututembelea, nikakuta kipande changu kikubwa cha feldispa cha pinki kiko jikoni kinakandamizia mfuniko wa sufuria ya mlenda. Nikasema mama, hilo lina namba. Akaniambia baba, namba nimeiona, ila lilikuwa zito vizuri.

Jirani yangu naye alirudi wiki iliyopita kuuliza kama bado ninayo ile dhahabu yake. Ninayo, nimeitia kwenye kichupa cha dawa ya macho, trei ya pili, tundu la kwanza. Nikamfungulia daftari akasoma mwenyewe kwa sauti: 31, ulanga uliochakaa, korongo nyuma ya nyumba ya jirani, Nkuhungu, baada ya mvua, kaleta mwenyewe kwenye bakuli. Akaomba nifute hiyo ya bakuli.